Niliowalipa waje Chake kutuchagulia waigizaji

Walimu wenzangu wa Kiswahili mnanipigia simu mmoja mmoja kuniuliza wale vijana wa Unguja wanaozunguka maskulini hapa Pemba kuchagua watoto wa maigizo wakoje, wanastahiki pesa wanazotaka au ni maneno tu. Nimechoka kujibu jambo lile lile huku chungu kiko jikoni. Naandika mara moja, mwenye kutaka asome. Jina la kikundi chao siliweki kwa sababu nina ya kuwalaumu, na lawama hizo nimeshawapa wenyewe uso kwa uso. Mwenye kuwahitaji anajua pa kunipata.

Kwanza ijulikane kazi yao ni ipi, maana wengi mnadhani wanakuja kufundisha kuigiza. Hapana. Wanakuja wawili: mwongozaji, kijana wa kiume aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, na mwenzake wa kike ambaye ndiye mwenye kalamu. Unawapelekea skripti mapema, wanazisoma, wanavuka kuja kufanya usaili, wanagawa nafasi, wanakuachia ratiba, wanaondoka. Wanarudi mara moja tu karibu na onesho kuangalia mambo yamefika wapi. Mazoezi ya kila siku ni yako wewe mwalimu, na koo litakalokauka ni lako. Ukitaka mtu wa kukuendeshea shughuli mwanzo hadi mwisho, hawa siyo.

Sisi tulikuwa na michezo saba mifupi. Minne iliandikwa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu, mitatu niliandika na mwalimu mwenzangu. Kuna wa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, na mgogoro wa shamba la mikarafuu, kuna wa foleni ya hospitali, kuna wa harusi, kuna wa ndani ya daladala ya 606 iliyoharibika njiani kwenda Wete, na mingine. Kila mmoja dakika kama kumi. Kipimo kinachotumika na wenye kazi hii ni ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa hiyo mchezo ukizidi kurasa kumi unakatwa. Mjumbe mmoja wa kamati ya skuli aliona michezo ya dakika kumi ni uvivu wa walimu. Nikamwambia Marekani kuna jumba linaitwa Actors Theatre of Louisville, jimbo la Kentucky, ambalo limechangia sana kuueneza mtindo huo, na maskuli ya kule yanaupenda kwa sababu ile ile inayotufaa sisi: watoto wengi wanapata la kusema, na mmoja akiumwa unapungukiwa na dakika kumi tu, usiku wako haufi. Akanyamaza. Sijui kama alikubali.

Michezo saba ile ilikuwa na wahusika 31. Tungeweza kuchukua watoto 31, kila mmoja na nafasi yake, na kelele za wazazi zingeishia hapo. Lakini tulikusudia kuonesha kwenye ukumbi wa Makonyo, Wawi, na kwenda huko ni gari, gari ni nauli, na fundi anayeshona maleba anahesabu vichwa. Tukaamua 14, wanaoenea pamoja na walimu na ngoma. Maana yake kila mtoto awe watu wawili, pengine watatu, kwa usiku mmoja. Binti aliyekuwa muuguzi saa mbili awe bibi harusi saa mbili na nusu, na katikati awe abiria anayelala dirishani bila kusema neno.

Hapa ndipo nilipowahitaji. Maskuli yetu yana tabia moja tangu nilipokuwa mwanafunzi mimi mwenyewe. Likija tamasha la Elimu Bila Malipo, tunamtafuta stelingi. Mtoto mwenye sauti kubwa, asiyeona haya, tunampa maneno yote, wengine wanasimama nyuma yake na kuitikia. Kwa mchezo mmoja inakwenda. Kwa michezo saba yenye kundi moja la watoto haiwezekani, kwa sababu stelingi wako kwenye mchezo wa tatu ni konda, na ukonda wenyewe una sentensi mbili.

Usaili ulifanyika skulini, Alhamisi baada ya masomo na Jumamosi asubuhi. Walikuja watoto kama sitini, wasichana wengi kuliko wavulana, kama kawaida. Yule dada alimpa kila mtoto namba kwenye karatasi, akampiga picha ya simu ameishika, kwa sababu mgeni akiangalia wasichana arubaini waliovaa ushungi mweupe na sare moja atachanganyikiwa tu. Nikamuuliza picha zitakwenda wapi baadaye. Akasema zitafutwa orodha ikikamilika, na kweli alizifuta mbele yangu, moja moja. Hilo nililipenda. Wazee wetu wa hapa hawapendi picha za mabinti zao zisambae, na siwalaumu.

Hakuna aliyeombwa kusoma kitu kwa karibu saa nzima ya mwanzo. Walianza na zoezi la kioo: wawili wanakabiliana, mmoja anasogeza mkono taratibu, mwenziwe anamfuata kama sura yake ndani ya kioo. Wenye kusomea mambo haya watakwambia ni katika mazoezi ya Viola Spolin, yule mama wa Chicago. Wasichana waliwekwa na wasichana, wavulana na wavulana, bila mtu kuomba. Nadhani yule dada alishaiona Pemba kabla. Alhamisi hiyo karibu nusu ya watoto walikuwa wamefunga sunna. Maandazi yaliyoletwa wakati wa mapumziko yalibaki kwenye sinia, na mwongozaji akadhani hawayapendi. Nikamweleza. Akahamisha mambo ya kupaza sauti yote hadi Jumamosi, bila ubishi.

Kisha ikaja ile iliyonifanya nisijute senti hata moja. Akawaambia: kila mtu akae pale alipo, afanye kazi moja anayoifanya nyumbani kwao, bila kitu mkononi na bila kusema. Wengi walifagia. Walifua. Wavulana watatu wote walivua samaki, na mmoja nina hakika hajapanda ngalawa maishani mwake. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, anatoka upande wa Vitongoji, mtoto ambaye mimi nimemfundisha mwaka mzima sikumbuki kumsikia akijibu swali, alikaa chini, akakunja mguu mmoja, akaunyoosha mwengine, kama tunavyokaa sisi kwenye jamvi usiku wa karafuu. Akachukua kishada kisichokuwepo. Akakiweka kwenye kiganja, akakisugua kwa kiganja cha pili, karafuu zikaanguka mbele yake, kijiti chake, konyo, akakitupa kushoto. Tena. Tena. Wallahi nilisikia harufu.

Akaja mwenziwe, hakuitwa na mtu, akakaa mbele yake akaanza kuchambua na yeye. Lakini huyu wa pili ana haraka, makonyo yake anayatupa popote, yanaangukia kwenye fungu la karafuu. Wa kwanza hakunyanyua uso. Aliendelea na kazi yake, na kila baada ya muda mkono wake mmoja ukawa unakwenda kwenye lile fungu, unatoa konyo la mwenziwe, unaliweka upande wake. Hakumtazama hata mara moja. Yule wa pili akaona, akapunguza kasi, akaanza kutupa vizuri. Ukumbi ukacheka, halafu ukaacha kucheka. Mwongozaji akamgusa mwenziwe begani, yule dada akaandika namba mbili.

Wasichana hao wakapewa mkwe na mama mkwe kwenye mchezo wa harusi, na muuguzi na mgonjwa kwenye ule wa hospitali. Mimi ningewapita wote wawili. Sisemi hivyo kujilaumu; mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini na tano anamwona anayenyoosha mkono. Ndiyo maana inafaa jicho la mtu wa nje lije mara moja moja.

Jumamosi wakasoma. Wanaitwa watatu watatu, wanapewa ukurasa ambao hawajauona kabla. Wawili wanasoma mazungumzo, wa tatu hana maneno. Skripti inasema tu kwamba amekaa pale. Kisha wanazunguka, kila mmoja apitie kiti cha kimya. Watoto walidhani kile kiti ni cha kupumzika. Mimi niliyekaa pembeni nikaona kwamba mwongozaji hamwangalii anayesoma hata kidogo. Macho yake yako kwa asiyesema. Yupo aliyeangalia dirishani. Yupo aliyejipangusa viatu. Yupo aliyekuwa akisoma midomo ya wenziwe, anasubiri zamu yake ifike. Na wapo, wachache, ambao neno likisemwa unaliona linawafikia usoni. Hao ndio waliochukuliwa. Nilipomuuliza wakati wa chai, alinijibu kwa upole tu: "Mwalimu, kwenye michezo saba kila mtoto atanyamaza zaidi ya atakavyosema. Lazima nimjue akinyamaza yukoje."

Nimelibeba jibu hilo mpaka darasani. Nawaambieni mlitumie hata kama hamtawaita.

Lafudhi nayo. Kuna walimu wetu wanaomkatiza mtoto wa Micheweni au wa Kojani akisema kama kwao, ati akiigiza aseme sanifu. Mwongozaji alimwacha. Nafasi ya bibi alimtaka aizungumze vile vile anavyozungumza bibi yake. Nafasi ya karani wa ofisi akamtaka aibadilishe. Aliyeweza zote mbili alipata zote mbili. Hilo dogo, ila wageni wengi hulikosea.

Uhaba wa wavulana waliumaliza kwa akili. Sheha wetu kwenye skripti alikuwa mwanamme. Wakamfanya mwanamke, na mbona masheha wanawake tunao. Konda wakamwacha mvulana, kwa sababu wavulana wote waliokuja walitaka ukonda. Na ule mchezo ambao mama anamkumbatia mwanawe aliyerudi kutoka baharini, niliokuwa nikiuogopa tangu tunauandika, wakauliza kama kuna ndugu wa tumbo moja miongoni mwa waliofika. Walikuwepo, dada wa Kidato cha Nne na mdogo wake wa Kidato cha Kwanza. Wakasomeshwa, wakaonekana wanafaa. Baba yao alipokuja kutazama hakuwa na la kusema isipokuwa kwamba nyumbani hawakumbatiani hivyo.

Kitu cha thamani kuliko vyote walichotuachia ni karatasi ya manila. Majina 14 kwenda chini, michezo saba kwenda pembeni, na kila kisanduku kimeandikwa kwa penseli huyu hapa ni nani na amevaa nini. Yule dada alikaa nayo hadi usiku. Kanuni yake ni moja: mtoto asitoke kwenye mchezo akaingia kwenye unaofuata ikiwa lazima abadilishe nguo. Kila alipoona hivyo aliweka alama nyekundu, na alama zikizidi anahamisha mchezo mzima. Ndivyo harusi, yenye watu wanane, ilivyopelekwa mwisho, na ule wa watu wawili tu, wa simu iliyopotea, ukawekwa katikati ya mingine ili wengine wapate kupumua. Pale palipokuwa hapana njia wakaingiza ngoma ya msewe. Vijana wetu wa ngoma wanapita na misewe yao miguuni, wanacheza kidogo, nyuma ya pazia mtu anafungwa kanga.

Karibu na onesho mtoto mmoja alihamishiwa Unguja na baba yake, ghafla. Zamani hapo tungefunga duka. Tuliitandaza manila juu ya meza ya ofisi, tukafuata mstari wake, tukaona nafasi zake tatu, nani yuko huru nyakati hizo, tukazigawa kabla chai haijapoa. Kwa karatasi hiyo peke yake ningewapa nyota tano.

Nawapa nne, na nyingine wangeipoteza pia kama ningekuwa na hasira zile za siku ile.

La kwanza ni ratiba. Waliandika mazoezi saa kumi za jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Saa kumi za jioni Pemba mtoto yuko chuo cha Kurani, mbele ya maalim wake, na hakuna mchezo wa kuigiza utakaomtoa. Mtu wa Unguja halijui hilo? Analijua vizuri. Wamezoea tu kufanya kazi na vijana wa vyuo vikuu mjini, ratiba ikawa ile ile wakabadilisha tarehe. Wala hawakuuliza kuhusu msimu. Karafuu zikiiva, watoto wako kambini na wazee wao, na wanaobaki nyumbani wanachambua hadi usiku mkubwa, asubuhi wanasinzia. Ratiba niliifumua yote, nikaweka mazoezi mara tu baada ya sala ya adhuhuri, nikaacha Ijumaa, nikawaombea ruhusa kwa maalim mmoja mmoja kwa zile siku chache za mwisho. Kazi hiyo nililipia kisha nikaifanya mwenyewe.

La pili ni yule kijana wa kasida. Chake nzima inamjua; akisimama kusoma, wa Gombani wanasikia. Kila mtu alijua atakuwa mkubwa wa onesho, na yeye alijua kuliko wote. Kwenye kiti cha kimya alikuwa anasogeza midomo kwa maneno ya wenziwe, na mwongozaji akampa nafasi mbili ndogo: mwenye gari aliyekuja kuifuata daladala yake, na, kwenye mchezo wa shamba, marehemu anayeoneshwa mwanzoni amefunikwa shuka kabla ya warithi kuanza kugombana. Maiti! Baba yake alifika skulini kwa pikipiki kabla kengele ya kwanza haijalia. "Mwalimu, mwanangu mmemfanya maiti?" Nilimkalisha, nikamtilia chai, nikamsikiliza. Kuna watu hawataki mtoto wao afunikwe shuka nyeupe hata kwa mchezo, na mimi siwezi kumwambia mzazi hofu yake ni upuuzi. Tukaweka godoro lililokunjwa chini ya shuka, likafanya kazi hiyo vizuri sana, halikucheka hata mara moja.

Lakini kuhusu kijana mwenyewe bado nabishana nao. Kwamba hafai kupewa mhusika mkubwa kwenye kundi, nakubali. Anayesubiri zamu yake anawaua wenziwe. Sauti ile ingewekwa mahali pake. Mimi nilitaka awe msimulizi, asimame kati ya mchezo na mchezo, atwambie tumetoka wapi na tunakwenda wapi. Mwongozaji akakataa, ati msewe unatosha, ati watazamaji wapewe nafasi ya kuelewa wenyewe. Basi usiku wa onesho nimekaa Wawi, nyuma yangu kuna mzee mmoja na mkewe. Mchezo wa sheha ukaisha, msewe ukapita, hospitali ikaanza, na yule yule binti aliyekuwa sheha akatoka na koti jeupe la daktari. Mzee akamwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha safu nne: "Enhe, sheha kumbe amesomea." Mkewe akamjibu kwamba ndiyo maana shamba amelihukumu vibaya, hakuwa na nafasi. Nusu ya ukumbi walikuwa wanafuata hadithi ya sheha aliyekuwa daktari, na hadithi hiyo hatukuiandika. Msimulizi mmoja, sentensi mbili, yasingetokea.

La tatu ndilo lililonikera khasa. Walimaliza kuchagua Jumamosi jioni. Mimi nilijua tutakaa, tuwaite watoto, tuseme nao. Saa nne za usiku nikasikia simu inalia mfululizo: orodha imeshatua kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Majina 14, namba, nafasi, na chini yake "Hongereni sana". Zaidi ya arubaini wakajua hawakuchaguliwa kwa kutojiona. Na wazazi wao wakajua wakati huo huo, na shangazi zao, na jirani aliyemo kundini kwa sababu ya mjukuu. Mama mmoja akanipigia karibu saa tano, hata salamu hakumaliza: "Mwalimu, mwanangu ana ila gani?" Jumapili kutwa simu haikutulia. Jumatatu msichana mmoja akanisubiri langoni kuniuliza, kwa adabu zote, kama jina lake limesahauliwa. Hakuuliza kama amekosa. Aliuliza kama limesahauliwa.

Niliwapigia. Yule kijana akasema ndivyo wanavyofanya mjini, orodha inabandikwa ukutani, mwenye jina lake analiona. Nikamwambia, mwanangu, wa mjini ni watu wazima waliokuja kuomba kazi. Hawa ni watoto wa miaka kumi na nne na kesho yake asubuhi wako pamoja kwenye mstari. Akaomba radhi, sikatai, tena vizuri. Lakini neno la WhatsApp halirudi.

Nilichofanya ni kuwaita wote waliobaki, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko, ikanichukua wiki. Kila mmoja nilimwambia kitu nilichokiona kwake, cha kweli, na nikamuuliza kama anataka kazi nyingine: kushika kitabu na kumkumbusha aliyesahau, kusimamia maleba, taa, pazia, kupokea wageni mlangoni. Wengine walikubali. Yule wa langoni alikataa, akaenda zake netiboli, na ana haki yake. Jambo hili kikundi hakikuwa nalo kwenye huduma yao wala kwenye mawazo yao. Wanachagua kwa ustadi ambao sijauona Pemba, kisha wanadhani kazi imekwisha pale waliochaguliwa wanapojulikana.

Mkiwaita, semeni nao kabla hawajapanda boti. Orodha ikabidhiwe mwalimu mkononi, kwenye karatasi, na asiyekuwa mwalimu asiitangaze. Ratiba wapeni nyinyi saa zenu, wao wajaze. Skripti wapelekeeni mapema zaidi ya wanavyoomba. Zetu mbili walizisoma ndani ya boti, na inaonekana, kwa sababu nafasi za mchezo wa simu iliyopotea walizigawa kinyume na tukazigeuza wenyewe baadaye. Waambieni pia wazi kuhusu kugusana jukwaani, nani na nani, ili wasije wakabuni papo hapo mbele ya mzazi.

Bei yao kwetu ilikuwa laki nne na nusu kwa wote wawili, mbali nauli za boti na gari kutoka Mkoani. Malazi tuliwapa sisi, kwa mdogo wangu, na chakula hawachagui. Dada yule alikula mkate wa kumimina mpaka mdogo wangu akamfungia mwengine wa safari. Wanataka nusu kabla na nusu siku ya usaili. Ile safari yao ya pili, ya kuja kuangalia, ilikuwa fupi mno kwa mtazamo wangu. Walifika na boti ya asubuhi, wakatazama michezo minne kati ya saba, wakaandika maneno mazuri kwenye daftari, wakaondoka. Ulizeni hiyo mara ya pili ni saa ngapi, muandikiane.

Na risiti. Yetu ilikuja imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, haina muhuri, na mhasibu wetu akaikataa, kwa hiyo fungu la kamati lilichelewa kurudi na mimi nikatoa mfukoni mwangu kwanza. Waambieni waje na kitabu cha risiti.